Hesabu ya Kofia

Karatasi tatu nimezitandaza mkekani,
kila moja na kizuizi chake, feni isizipeperushe:
ya kijani nimeiwekea kijiko, nyeupe mkasi,
na ile yenye picha ya jamaa wanaocheka meno yote
nimeiwekea chupa tupu ya vidonge vya mama.

Mimi hushona kofia. Tundu kwa tundu,
mwezi mzima kwa kichwa cha mtu nisiyemjua.
Elfu tatu, mnunuzi asiponibishia.
Ndiyo maana pesa siihesabu kwa noti.
Naihesabu kwa matundu, kwa macho yanayouma,
kwa kidole cha shahada kilichoota sugu.

Bwanamkuu wa bima alikuja Langoni Jumatatu,
tai shingoni, akiruka mavi ya punda
kwa ustadi wa aliyezaliwa mtaa huu huu.
"Da Mwanaiki," akasema, "chukua ya kijani.
Mia tatu na hamsini kwa mwezi. Nani atakupa chini ya hapo?"
Kweli, nani?
Nilikuwa nimeshaishika kalamu.

Mama akakohoa chumbani. Nikaiweka.

Nikaenda kwa Shekuwe wa duka la dawa
na pakiti tupu nimezifunga kwenye ncha ya leso,
nikazimwaga mbele yake kama mtoto amwagaye kete.
"Nisomee. Ipi imo, ipi haimo."
Akavaa miwani, akafuata orodha kwa ukucha.
Ya presha, mia nne: imo.
Ya sukari, mia sita: imo.
Ya moyo, elfu moja na mia nane...
ukucha ukashuka, ukapanda, ukashuka tena.
"Hii hawaitambui, dada."

Hawaitambui! Na mimi naitambua hata gizani,
kwa mlio wake ndani ya pakiti.

Basi kijani na unafuu wake: bima, na moyo juu yake,
elfu mbili mia moja na hamsini. Kofia imebaki ukingo tu.
Ya jamaa wenye meno: elfu moja na mia mbili, na dawa zote bure,
lakini ukazichukulie Mombasa. Boti hadi Mokowe,
basi kutwa nzima, kulala kwa watu, kurudi.
Kofia nzima, na deni juu.
Nyeupe: mia saba, na robo ya kila dawa juu yangu.
Elfu moja na mia nne. Nusu kofia, hata haifiki.
Shekuwe akapiga kwa mashine yake, ikatoa yale yale.
"Ila soma hapa chini," akasema,
pale maandishi yanapokuwa madogo kama mayai ya chawa:
dawa ya moyo, ungoje siku sitini.

Nilirudi kumweleza mama. Nikamkuta ameketi kitandani,
sahani mapajani, wembe mkononi,
anakipasua kidonge kwa utulivu wa anayemenya pojo.
"Tangu lini?"
"Tangu Mfungo Sita. Nusu yatosha. Moyo wenyewe mzee,
wala nusu kama vile ndege."

Sikusema kitu. Niseme nini?
Nilidhani vidonge vinadumu kwa baraka.

Jioni Bwanamkuu akarudi. Nikatia sahihi ile nyeupe
kwa herufi za mkono uliozoea sindano kuliko kalamu,
nikamwambia aandike na tarehe, nione kwa macho yangu.
Mama akaita toka ndani:
"Ndoo, mwanangu. Muulize, na halua imo?"
"Haimo, mama."
"Basi hao ugonjwa wangu hawaujui."

Siku sitini. Kofia mbili.
Ya kwanza nimeianza usiku huu, taa karibu na goti.
Kidonge cha moyo amekimeza kizima, nikimtazama,
hadi koo lake liliposhuka.
Wembe nimeuchukua.
Kuanzia leo utakata uzi tu.